Bima ilipe mguu hadi mtu atembee

Kila serikali inapopitia upya orodha ya matibabu ambayo bima ya afya italipia, na kwa bei gani, mjadala mkubwa huwa juu ya saratani, figo na uzazi. Ni haki uwe hivyo. Lakini kuna kundi la wananchi ambalo sauti yake haifiki mbali: watu waliokatwa mguu au mkono, wanaohitaji kiungo bandia ili warudi shambani, kazini, shuleni au msikitini bila kubebwa. Makala haya ni juu yao, na hoja yangu ni moja. Bima, iwe ya serikali au ya kibinafsi, ikiuhesabu mguu wa bandia kama kitu kinachonunuliwa mara moja yakaisha, pesa hizo zitapotea na mgonjwa atarudi kwenye magongo. Inapaswa ilipie kazi nzima: kupima, kutengeneza, kumfundisha mtu kutembea, kurekebisha, na kubadilisha wakati ukifika.

Nimeamua kuitazama hoja hii kutoka Kitui na Makueni badala ya Mombasa au Kilifi, na nina sababu mbili. Ya kwanza, kaunti hizo mbili za Ukambani zilijaribu bima zao wenyewe kabla ya serikali kuu kuleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii ambayo sote sasa tunaiita SHA. Kwa hivyo zina la kutufunza. Ya pili ni kwamba barabara yetu inapita huko. Mtu wa Pwani akienda Nairobi, akishavuka Mtito Andei yuko Makueni, na ataendelea kuwa humo Kibwezi, Makindu na Emali hadi karibu na Sultan Hamud. Wengi wetu tumekula chakula cha bure kwenye hekalu la Masingasinga pale Makindu. Na wako wenzetu, madereva na utingo wa malori ya bandarini, ambao safari zao ziliishia kwenye barabara hiyo. Shida ya Makueni si ya jirani wa mbali.

Bima za Ukambani kabla ya SHA

Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha mpango ulioitwa MakueniCare. Familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na baada ya hapo ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kudaiwa tena mlangoni. Wazee waliopita miaka 65 hawakutozwa. Kitui ikafuata wakati wa Gavana Charity Ngilu, na bima yake ya K-CHIC, ambayo familia ililipia shilingi 1,000 kwa mwaka. Ngilu hakuwa mgeni wa jambo hili. Alipokuwa Waziri wa Afya alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote, ukapita mwaka 2004, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Kwa hiyo wazo tunalobishania leo lina zaidi ya miaka 20.

Mipango hiyo ya kaunti ilikuwa na faida kubwa moja: mkulima wa Kathonzweni au wa Mutomo aliielewa. Alijua analipa nini, lini, na atapata nini. Lakini ilikuwa na mpaka wake. Kadi ya kaunti ilifanya kazi ndani ya hospitali za kaunti. Ugonjwa unaotibika pale Wote au Kitui mjini, sawa. Jambo linalohitaji mtaalamu au karakana ambayo haipo pale, kadi haikuwa na mkono mrefu wa kulifikia. Na mguu wa bandia ni mojawapo ya mambo hayo. Karakana zinazoweza kutengeneza mguu mzima kuanzia mwanzo haziko katika kila hospitali ya kaunti, na mafundi waliosomea kazi hiyo ni wachache kuliko madaktari.

Ndipo tukaja kwenye SHA. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya ulichukua nafasi ya NHIF, ambayo ilikuwepo tangu 1966. Mwenye mshahara sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wake, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Piga hesabu: ni shilingi 3,600 kwa mwaka kwa familia ya chini kabisa. Familia ya Makueni iliyozoea 500 imeongezewa mzigo zaidi ya mara saba. Ya Kitui, zaidi ya mara tatu. Ni kweli NHIF nayo iliwatoza wasio na ajira rasmi shilingi 500 kila mwezi, na kwa hesabu hiyo SHA ni nafuu. Lakini mtu wa Ukambani halinganishi na NHIF ambayo huenda hakuwahi kuilipa. Analinganisha na kadi aliyokuwa nayo mfukoni.

Basi swali lake ni la haki: kwa hiyo ziada ninayotoa, napata nini ambacho kaunti haikuweza kunipa? Jibu la serikali ni kwamba bima ya taifa inavuka mipaka ya kaunti. Vizuri. Ikiwa hilo ndilo jibu, basi kiungo bandia kilipaswa kuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuonyesha faida yake, kwa sababu ni huduma ambayo mgonjwa wa Kitui au Makueni mara nyingi hulazimika kusafiri nje ya kaunti yake kuitafuta.

Miguu inakatika vipi

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya zaidi ya 900,000, wenye umri wa miaka 5 na zaidi, wanaoishi na ulemavu. Hiyo ni asilimia 2.2. Shida ya kutembea ndiyo iliyoongoza. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi nchini, karibu asilimia 4. Si wote hao waliokatwa kiungo, bila shaka. Lakini sababu zinazowafanya watu wakatwe viungo zinajulikana, na Ukambani zote zipo.

Ya kwanza ni barabara. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi hubeba malori usiku na mchana, na si bure kwamba Makueni iliweka kituo cha kushughulikia majeruhi katika hospitali ya Makindu. Sasa kuna na barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui. Imerahisisha biashara, imeleta bodaboda nyingi, na bodaboda zimeleta mifupa iliyovunjika.

Ya pili ni nyoka. Nchi kavu ya Kitui na Makueni, kama ilivyo kwetu Kilifi na Taita Taveta, ni makazi ya kifutu, yule nyoka mnene anayelala kwenye njia na asikimbie mtu akija. Sumu yake huozesha nyama. Mgonjwa akichelewa, au dawa ya kupunguza sumu ikikosekana, daktari hukata ili aokoe maisha. Shirika la Afya Duniani liliyarudisha madhara ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani hufa kwa nyoka, na wanaobaki wamekatwa viungo au na ulemavu mwingine wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini.

Ya tatu ni sukari. Hili Pwani tunalijua vizuri mno, maana ni nyumba chache zisizo na mgonjwa wa kisukari. Kidonda kidogo cha kidole, mtu hakihisi kwa sababu mishipa ya fahamu imeshadhoofika, kinaoza, na hatimaye mguu unakwenda. Ugonjwa huu haubagui tena mjini na shamba.

Angalia jambo moja katika sababu hizo tatu. Kwanza huwapata watu wanaofanya kazi kwa miguu yao: mkulima, mwendesha bodaboda, utingo, mchuuzi. Kukatwa mguu kwao ni kukatwa mapato siku hiyo hiyo.

Mguu ulioning'inia ukutani

Nina shemeji yangu Kibwezi, mume wa dada yangu. Aliumwa na kifutu akipalilia ndengu, hizi ambazo sisi tunaziita pojo. Hospitali ilimwokoa, na mguu ukakatwa chini ya goti. Gharama ya kulazwa na kupasuliwa, sehemu kubwa ililipwa na bima aliyokuwa nayo. Mguu wa bandia haukulipwa. Familia ikaitisha mchango, sisi wa Mombasa tukatoa chetu na wao wakauza mbuzi, mguu ukapatikana. Siku alipoingia nyumbani akitembea, watu walipiga vigelegele.

Haikupita miezi minane nikamkuta ameketi nje, magongo ubavuni, na mguu umening'inizwa ukutani ghalani pamoja na majembe. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Shemeji, mguu umekuwa mkubwa. Ama niseme mimi nimepungua." Nikamwambia tuurudishe ukarekebishwe. Akatikisa kichwa. "Wa kwanza ulinunuliwa kwa mchango. Mchango wa jambo moja hauitishwi mara mbili."

Kilichompata hakikuwa bahati mbaya. Ndivyo mwili unavyofanya. Kigutu, yaani sehemu ya mguu inayobaki, huvimba baada ya upasuaji, kisha hupungua kwa miezi kadhaa. Kikombe kinachovaliwa kwenye kigutu hicho, ambacho ndicho kinachobeba uzito wote wa mtu, kikishakuwa kipana kuliko kigutu huanza kusugua. Ngozi huchubuka. Mwenye kisukari akichubuka hapo, anaweza kurudi tena chumba cha upasuaji. Kwa hivyo kikombe cha kwanza hutarajiwa kubadilishwa. Fundi anajua, daktari anajua. Asiyejua ni mwenye kuandika bima.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, ambalo kwa miongo mingi limekuwa likiwatengenezea viungo majeruhi wa vita, hutoa kipimo hiki: mtu mzima huhitaji mguu mpya kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mtoto kila baada ya kama miezi sita, kwa sababu anakua. Msichana wa Mwingi aliyekatwa mguu akiwa na miaka minane atahitaji miguu mingi kabla hajamaliza shule. Ukimpa mmoja ukapiga naye picha, umempa wa nusu mwaka.

Na bado kuna kufundishwa. Mguu wa bandia hautembei wenyewe. Mtu hujifunza kusawazisha mwili, kupanda kilima, kuinuka alipoanguka. Bila mtaalamu wa mazoezi ya viungo kumkalia wiki kadhaa, wengi huuvaa kwenda harusini na kuuvua wakirudi. Ukitoka Kitui kwenda Nairobi au Kikuyu kufuata mafunzo hayo, kuna nauli, kuna malazi, na kuna mtu wa kukusindikiza ambaye naye ameacha kazi zake. Hayo yote ni sehemu ya bei ya mguu, hata kama hayaandikwi kwenye risiti ya karakana.

Bima za kibinafsi nazo

Kuna wasomaji watakaosema, mimi nina bima ya kazini, haya ya SHA hayanihusu. Nawaomba wafungue kijitabu cha bima yao, waende kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Bima nyingi za kibinafsi huvigawa vifaa hivi mafungu mawili. Vile vinavyowekwa ndani ya mwili wakati wa upasuaji, kama vyuma vya kuunga mfupa au nyonga ya bandia, huenda vikalipwa, ingawa mara nyingi kwa kikomo chake mbali na kikomo cha kulazwa. Vile vinavyovaliwa nje, kama mguu wa bandia, huwekwa pamoja na miwani na magongo: ama havilipwi kabisa, ama vina kikomo kidogo. Mtu anaona kwenye kadi ana bima ya mamilioni, kumbe kwa mguu wake hana kitu.

Mgawanyo huo una mantiki ya mfanyabiashara, si ya mgonjwa. Aliyevunjika nyonga na aliyekatwa mguu wote wanataka jambo moja, kusimama na kutembea. Mmoja chuma chake kiko ndani ya ngozi, mwingine nje. Kwa nini huyu alipiwe na huyu aambiwe ni kifaa cha ziada?

Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 25 cha mkataba huo kinakataza ubaguzi dhidi yao katika bima ya afya na bima ya maisha. Kwa hivyo Mamlaka ya Kusimamia Bima ina pa kuanzia. Haihitaji kuwalazimisha wenye kampuni kulipa kila kitu. Inaweza kuanza kwa kutaka kila bima ya matibabu iandike wazi, ukurasa wa kwanza, inalipa shilingi ngapi kwa kiungo bandia cha nje, na mara ngapi. Mnunuzi akiona sifuri, ataamua mwenyewe.

Wenzetu wa mbali wameshapambana na jambo linalokaribiana na hili. Australia ina orodha ya serikali inayotaja vifaa vya kupandikizwa mwilini na kiasi cha chini ambacho bima za kibinafsi lazima zilipe kwa kila kimoja. Orodha hiyo ilimpa mgonjwa uhakika. Lakini bei zake zilipanda juu kuliko zile ambazo hospitali za umma zililipia vifaa hivyo hivyo, ikabidi serikali kuanza kuzipunguza, na mwaka 2023 orodha yenyewe ikabadilishwa jina. Mguu wa kuvaa nje haumo katika utaratibu huo. Tunapata mafunzo mawili hapo. Orodha yenye bei inayojulikana na kila mtu ni kinga nzuri kwa mgonjwa. Na orodha ikiandikwa na watu wanaofikiria chumba cha upasuaji peke yake, aliyetoka hospitali akiwa na kigutu atasahaulika hata katika nchi tajiri.

Sheria tayari ina maneno

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba hatuhitaji kubuni lolote. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na hali yake. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Na iko sheria nyingine, isiyotajwa sana kwenye mjadala huu, iliyokwisha kusema jinsi mguu unavyopaswa kulipiwa.

Ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Inapoorodhesha gharama za matibabu ambazo mwajiri hubeba mfanyakazi anapoumia kazini, haisemi mguu wa bandia kisha ikanyamaza. Inataja kutolewa kwa kiungo bandia, kutunzwa kwake, kutengenezwa kinapoharibika na kubadilishwa. Mambo manne. Inataja pia nauli na kujikimu kwa sababu ya jeraha hilo. Aliyeiandika alijua mguu ni nini.

Kwa hivyo Bunge letu lilishakubali kwamba mtu aliyekatwa mguu kiwandani Changamwe anahitaji mguu, na matunzo yake, na mwingine ukichakaa. Lakini mkulima wa Kibwezi hana mwajiri. Mwendesha bodaboda wa Mwingi hana mwajiri. Mama muuza samaki wa Malindi aliyekatwa mguu kwa kisukari hana mwajiri. Hawa wote bima yao ni SHA. Mwili ni ule ule, kigutu hupungua vile vile. Haiwezekani haki ya kubadilishiwa mguu itegemee mahali nyoka alipokuuma.

Tunaomba nini

Mwaka 2025 Wizara ya Afya iliunda jopo la kuishauri kuhusu mafao ya SHA na bei zake. Jopo la aina hiyo hupokea maoni, na sheria zetu zinataka wananchi wahusishwe kabla ya bei kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Haya ndiyo ningependa lisikie kutoka Ukambani na kutoka Pwani.

Kwanza, kukatwa kiungo na kupewa kiungo bandia viandikwe kama matibabu mamoja yenye mwanzo na mwisho. Hospitali inayokata mguu iwe na wajibu wa kumpeleka mgonjwa kwenye karakana inayojulikana kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na bima iwe imekwisha kuidhinisha.

Pili, malipo yajumuishe kikombe cha pili baada ya kigutu kupungua, pamoja na mazoezi ya kutembea. Baada ya hapo, mguu mpya kwa vipindi vinavyojulikana, na kwa watoto vipindi vifupi zaidi. Maneno ya kunakili yapo kwenye sheria ya 2007.

Tatu, pesa zifuate karakana. Kulipia mguu ambao hakuna wa kuutengeneza ni kuandika hundi isiyo na benki. Nchi hii ina uzoefu. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kimekuwepo tangu 1958, na hapa kwetu tunakijua kwa Bombolulu, iliyoanza 1969, ambako watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za mikono na kujitegemea. Jirani zetu Tanzania wana chuo cha Moshi, kilichofunguliwa 1981, kinachofunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Kaunti mbili au tatu zinaweza kushirikiana kwa karakana moja. Kitui na Makueni kwa mfano, sasa kwa kuwa barabara ya Kibwezi imewaunganisha. Kwale, Kilifi na Taita Taveta nazo zina Mombasa.

Nne, bima za kibinafsi zibanwe ziandike wazi wanacholipa, kama nilivyoeleza.

Kuna pingamizi mbili ninazozisikia. Moja ni kwamba hakuna pesa. SHA ina madeni kwa hospitali, na kila anayeomba huduma mpya huambiwa asubiri. Naelewa. Lakini tuhesabu na upande wa pili. Baba aliyeketi nyumbani haendi shamba, mtoto mkubwa anaacha shule kumsaidia mama, na mchango wa SHA wa familia hiyo unasimama. Mguu ni miongoni mwa matibabu machache ambayo humrudisha mgonjwa kuwa mlipaji. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2022 kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa vya kuwasaidia ndio wanaovipata. Hatuwezi kuwa tunajenga bima ya wote huku tukiridhika na hesabu za namna hiyo.

Pingamizi la pili ni wizi. Tumeona hospitali zikifungiwa kwa kudai malipo ya wagonjwa hewa. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini kwa mguu wa bandia ulinzi ni rahisi kuliko kwa huduma nyingi. Mguu unaonekana. Unaweza kupewa nambari, mwenye nao akathibitisha mwenyewe kwamba amevaa na anatembea, na sehemu ya malipo ikabaki hadi baada ya miezi mitatu ya matumizi. Fundi atakayelipwa kikamilifu pale mgonjwa anapotembea hatakubali kumpa kikombe kinachomchubua.

Kwa sasa, kama nyumbani kwako kuna aliyekatwa kiungo, usingoje jopo. Hakikisha amesajiliwa SHA. Mpeleke akafanyiwe tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina hazina ya kusaidia kupata vifaa na lina maafisa katika kaunti. Kama ana kisukari, mwanze na mguu uliobaki: ukaguliwe kila siku, viatu visibane, kidonda kisifichwe. Na kama ameumia kazini, mwajiri asimhadae kwa kumlipia hospitali na kumpa pole. Sheria inamdai zaidi ya hapo.

Kisha tuseme kwa sauti, sisi na watu wa Ukambani pamoja. Wawakilishi wa kaunti, wabunge na maseneta wetu huulizwa juu ya barabara na maji, mara chache huulizwa juu ya kigutu. Waulizwe. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hii si adhabu ya kaburi. Anayeijua yu hai, ameketi mlangoni, na kinachomzuia kusimama ni mstari mmoja ambao haujaandikwa kwenye orodha ya bima.